Matundu Yaliyobaki: Historia Fupi ya Kadi ya Saksesi

Mwaka 2027 ndio mwaka wa mwisho wa KCSE. Watoto waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na siku watakapoweka kalamu chini baada ya karatasi yao ya mwisho, mfumo wa 8-4-4 utakuwa umefungwa. Wako watakaoandika kuhusu sera, na wako watakaoandika kuhusu vyuo vikuu. Mimi nataka kuandika kuhusu kitu kidogo ambacho naona kitaondoka na mtihani huo bila mtu kukiaga: kadi ya saksesi.

Kama ulisoma Kenya, huhitaji kuelezwa. Lakini acha tuweke kumbukumbu. Kuanzia Septemba, vibanda vya vitabu vilijaa kadi. Zilianikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kando ya stendi ya matatu, hata sokoni katikati ya nyanya na sukuma wiki. Kulikuwa na ndogo za bei ya mfuko wa mwanafunzi, na kulikuwa na zile kubwa kama mlango wa kabati, zenye mawaridi, mishumaa, bundi aliyevaa kofia ya mahafali. Nyingine ukizifungua zinaimba kwa sauti ya mbu. Ndani kuna maneno ya Kiingereza yaliyochapishwa tayari, kisha mistari mitupu uandike yako. Unaandika, unatia bahashani, unapeleka posta. Kadi inafika shuleni, mwalimu wa zamu anasimama paredi au bwaloni na rundo mkononi, anaanza kusoma majina.

Sasa, kusomwa majina kuna upande wa pili. Kuna mtoto aliyeitwa mara ishirini mpaka wenzake wakaanza kupiga makofi. Na kuna mtoto aliyesubiri mpaka rundo likaisha.

Senge wangu, yaani dada yake baba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Keringet, Kuresoi Kusini, kwenye nchi ya chai, maziwa na viazi ambako baridi haina likizo. Somo lake lilikuwa Sanaa na Ufundi. Kwa karibu miaka ishirini alitengeneza kadi kwa mikono yake ili asipatikane mtahiniwa wa shule yake wa kusubiri mpaka rundo liishe. Kuchora alichora, lakini zaidi alikata. Alikuwa na vyuma vyake vya kukatia, kazi ya fundi wa bati, na mpaka leo viko ndani ya mkebe wa Kimbo juu ya kabati la jikoni. Nilipoanza kuuliza ujuzi huo ulitoka wapi, nilijikuta nafuata njia ndefu: London, Worcester, Brooklyn, Molo.

Chuma na karatasi

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Fikiria kile kidude cha kukatia biskuti: ukanda wa chuma uliokunjwa kuwa nyota, upande mmoja una makali. Unakibonyeza juu ya unga uliosukumwa, unainua, nyota inatoka. Fanya hivyo kwa karatasi ngumu na shinikizo kubwa zaidi, umepata kalibu ya kukatia. Wachapishaji wa River Road, Nairobi, huiita "dai" tu, na wala hawamaanishi dai la mahakamani. Sanduku la dawa ya meno, bahasha, lebo yenye umbo la chupa, kadi ya harusi yenye dirisha la moyo, vyote vimepita chini ya kalibu.

Kabla ya kalibu kukutana na kadi, ilibidi kadi yenyewe iwe kitu cha watu wengi. Hilo lilitokea Uingereza. Mwaka 1840 gharama ya kutuma barua ilishushwa hadi peni moja kokote nchini, na ghafla hata mfanyakazi wa kawaida akaweza kumwandikia mtu wake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1843, Henry Cole wa London, mtu aliyekuwa na shughuli nyingi kupita muda wake, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya Krismasi ili asiandike barua moja moja. Zilichapishwa kama 1,000, zikauzwa shilingi moja moja. Picha ilionyesha familia mezani, na mtoto akinyweshwa divai, jambo lililowaudhi waliokuwa wakipiga vita ulevi. Kwa hiyo kadi ya kwanza ya Krismasi ilizaliwa pamoja na malalamiko yake. Tusijione wa kwanza kulalamika mtandaoni.

Lakini kadi ya Cole ilikuwa bapa. Waliotia mkato ni wengine. Mwaka 1834, Joseph Addenbrooke, fundi wa kampuni ya karatasi ya Dobbs, aligundua jambo ambalo kwa maelezo linaonekana la kitoto. Karatasi ikikandamizwa juu ya bamba lenye nakshi, sehemu fulani huinuka. Ukizipitisha tupa zile sehemu zilizoinuka, zinalika, na kinachobaki ni matundu yaliyopangika kama lesi ya kitambaa. Karatasi ya lesi ilipatikana kwa kuondoa. Naomba ulishike hilo, maana litarudi.

Upande wa pili wa bahari, mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, binti aitwaye Esther Howland alihitimu masomo mwaka 1847 kisha akapokea kadi ya Valentino kutoka Uingereza, yenye lesi kama ile. Baba yake alikuwa na duka la karatasi na vifaa vya kuandikia. Esther aliagiza lesi kutoka Uingereza, akatengeneza sampuli, akampa kaka yake azitembeze kwenye safari zake za mauzo. Inasimuliwa kuwa alitarajia oda za dola 200, kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000. Esther akawaita marafiki zake nyumbani, akawapanga mezani: huyu anakata maua, yule anabandika lesi, wa tatu anaweka kipande cha karatasi ya rangi nyuma ya tundu ili rangi ichungulie. Ilikuwa karakana ya wasichana watupu, sebuleni, na kila kadi ilipita mikononi mwao. Biashara hiyo aliiendesha mpaka mwaka 1881 alipoiuza kwa George C. Whitney.

Kisha kuna Robert Gair wa Brooklyn, aliyekuwa akichapisha mifuko ya karatasi ya kuwekea mbegu. Mwaka 1879, ukanda wa chuma uliokusudiwa kukunja mifuko ulisogea mahali pake ukaikata badala ya kuikunja. Hasara. Lakini Gair aliiangalia ile hasara akaona kwamba mashine moja, kwa pigo moja, inaweza kukata na kukunja pamoja. Sanduku la karatasi unalofungua kila asubuhi kutoa majani ya chai lilitokana na hapo. Na kwa mtengeneza kadi, somo la Gair ni kubwa: ukikata umbo pande tatu na kuuacha upande wa nne ukunjike, umepata mlango. Kadi ikifunguliwa, kitu kinasimama.

Reli, posta, redio

Kwetu kadi ilikuja kwa meli na kupanda reli. Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza huduma ya posta Mombasa na Lamu mwaka 1890. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikapanda Molo na kilele cha Mau, na Desemba 1901 ikagusa ziwa pale panapoitwa leo Kisumu. Walowezi wa nyanda za juu walitumiana kadi za Krismasi zenye theluji wakiwa wamekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Watumishi wa nyumba zao waliziona juu ya meko, na watoto wa shule za misheni waliziona ukutani.

Lakini ukimuuliza mtu wa umri wa babu yangu "kadi ya salamu" ni nini, hatakuambia mambo ya theluji. Atakuambia redio. Kwa miongo mingi, kadi ya salamu ilikuwa karatasi ngumu unayonunua, unajaza jina lako na majina ya wale unaotaka wasalimiwe, unatuma kwa stesheni ya taifa, kisha unakaa na redio yako ya betri ukisubiri mtangazaji asome. Walikuwepo mashabiki waliojulikana nchi nzima kwa majina yao ya utani bila mtu kuwahi kuwaona uso. Kadi moja ilibeba orodha nzima ya watu: mama, mjomba, mwenye duka, dereva wa lori la maziwa.

Naitaja kwa sababu inaeleza kadi ya saksesi. Mgeni angedhani ni kadi ya Krismasi iliyohamishiwa mtihani. Mimi naona ni dada yake ile ya redio. Zote mbili zinafanya kazi kwa jina lako kusomwa mbele ya watu. Ujumbe ulioandikwa ndani ni ziada.

Waru darasani

Januari 1985 nchi iliingia 8-4-4. Mwaka huohuo ikafanywa KCPE ya kwanza, na mwaka 1989 KCSE ya kwanza. Watu hukumbuka zaidi mzigo wa masomo, na kweli ulikuwa mzito. Lakini mfumo huo ulikuja na wazo kwamba mtoto atoke shuleni na kazi mikononi, na kwa hiyo shule za msingi zikapata masomo ya vitendo: Kilimo, Sayansi Kimu, Muziki, Sanaa na Ufundi. Na yaliulizwa kwenye mtihani, kwa hiyo yalifundishwa.

Tatizo lilikuwa vifaa. Shule nyingi za mashambani hazikuwa na rangi, mkasi mmoja ulizunguka darasa zima. Mwalimu alitumia kilichokuwepo, na huku kwetu kilichokuwepo ni viazi. Waru. Unakata kiazi katikati, unachonga umbo juu ya uso wake kwa wembe, unachovya kwenye rangi au wino, unagonga karatasi. Ni muhuri. Mtu aliyesoma enzi hizo popote Kenya atakuambia alichonga kiazi, lakini sisi tulikuwa na ziada ya kuchonga na kuchemsha pia.

Senge alianzia hapo. Shida ya kiazi ni kwamba kesho yake kimenyauka na ua lako limekuwa dogo. Halafu kiazi kinachapa tu, hakikati. Yeye alitaka umbo linaloinuka juu ya karatasi, uliguse kwa kidole. Akajaribu wembe, lakini kukata petali kumi na tano kwa wembe kwa kila kadi, kwa darasa zima, ni kazi ya kukuvunja macho. Basi akaenda kwa fundi wa jua kali aliyekuwa akitengeneza vibatari na mabati ya mvua, akamchorea ua kwenye daftari. Fundi akauliza, "Mwalimu, hii ni ya biskuti?" Akamwambia ni ya mtihani.

Namna ilivyotengenezwa ni hivi, na unaweza kuijaribu. Ukanda wa bati wa upana wa vidole viwili unakunjwa kwa koleo kufuata mchoro. Ncha mbili zinaunganishwa kwa risasi. Upande wa juu unakunjwa nje ili usikate kiganja. Upande wa chini unanolewa kwa tupa, kwa nje tu, mpaka uwe na makali. Karatasi inawekwa juu ya ubao laini uliofunikwa gazeti, kalibu juu yake, kipande cha mbao juu ya kalibu ili pigo lienee, kisha nyundo mara moja, kwa nguvu. Bati huisha makali upesi, kwa hiyo tupa haikai mbali. Kwa mitambo ya kiwandani kanuni ni ileile: ukanda wa chuma kigumu unachomekwa kwenye ubao uliokatwa mfereji, na pembeni hubandikwa vipande vya sponji ili karatasi isinase ndani. Senge hakuwa na sponji. Alitumia vipande vya kandambili iliyokatika.

Umbo la kwanza aliloagiza ni ua la pareto. Huyu si mtu wa mawaridi. Nyanda za Molo na Kuresoi zilijaa pareto kabla zao hilo halijaporomoka; Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa dawa ya wadudu inayotoka kwenye ua hilo jeupe lenye moyo wa njano. Karo za wengi zilitoka humo. Kwa mtoto wa Keringet wa miaka hiyo, ua la pareto juu ya kadi halikuwa pambo. Lilikuwa linasema: tumekulipia, nenda ukafanye.

Baadaye likaja jani la chai, yale majani mawili na chipukizi. Likaja kiatu cha mbio, na hilo nalo lina mantiki yake katika eneo lililomlea Faith Kipyegon, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo, ya tatu Paris mwaka 2024. Wakati kiatu cha bati kinakunjwa, yeye bado hajajulikana, lakini watoto wa kukimbia kwenda shule walikuwepo tangu zamani.

Katoni

Kadi zilizotumwa zimeenda. Kadi ya saksesi haina maisha marefu: inakaa ukutani mwa bweni mwezi mmoja, inarudi nyumbani ndani ya sanduku la bati, inawasha moto. Ndiyo maana historia yake ni ngumu kuandika. Hakuna makavazi yaliyoziweka.

Ila Senge alikuwa mtu wa kutotupa. Alipokata ua, lile ua lilibandikwa kwenye kadi likaenda zake. Karatasi iliyobaki, yenye tundu la ua, aliiweka. Nyuma yake aliandika kwa biro jina la mtoto na mwaka. Katoni nzima chini ya kitanda chake ni matundu. Ukiiangalia haraka ni takataka. Ukikaa nayo ni rejista ya kijiji. Unaona mwaka ambao manila ilipatikana na mwaka ambao alikata karatasi za kalenda ya zamani. Unaona alivyozoea: miaka ya mwanzo tundu moja kwa karatasi, baadaye maua yamesongamana ukingo kwa ukingo, hakuna nafasi ya kupoteza. Unaona majina ya ndugu watatu wakipita kwa miaka tofauti.

Na unaona 2008.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kuresoi iliwaka, na haikuwa mara ya kwanza. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, majirani wakaondoka usiku na walichoweza kubeba. Familia za Kikuyu na Kisii zilihama huku. Familia za Kalenjin nazo zilikimbia kutoka sehemu nyingine. Wengi walipiga kambi uwanja wa maonyesho wa Nakuru, chini ya turubai. Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Wengine walirudi, wengine hawakurudi kamwe.

Kwa hiyo darasa la nane la mwaka 2008 halikuwa lile darasa la saba la mwaka 2007. Mwezi wa tisa ulipofika, Senge hakutumia rejista mpya. Alitoa ya mwaka uliopita, akakata kadi za wote. Waliobaki aliwapa mkononi. Waliohama alianza kuwauliza: kwa makondakta, kwa watu wa kanisani, kwa mama mmoja wa sokoni aliyekuwa na dada Nakuru. Kila alipopata jina la shule, alituma. Kadi kumi na moja hazikutumwa kwa sababu hakuna aliyejua zitumwe wapi. Ndizo kadi nzima pekee ndani ya katoni. Ua la pareto, jina, na ndani mstari mmoja wa mwandiko wa mwalimu unaomwambia mtoto kwamba dawati lake liko pale.

Nilimuuliza kama hakuogopa, mwaka ule, kuonekana anaulizia watoto wa upande ule. Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kipumbavu. "Walikuwa watahiniwa wangu," alisema. "Kwani wewe ungesoma majina nusu?"

Sijui kama ninaweza kuliita hilo siasa. Naliita mahudhurio.

Simu na kimya

Mwisho wa kadi ulikuja polepole, kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mtaala. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yalipunguzwa, na Sanaa na Ufundi ikaacha kuulizwa kwenye KCPE. Kenya tunajuana: kisichoulizwa hakifundishwi. Kipindi kikabaki kwenye ratiba, lakini mwalimu wa hisabati akakiazima na hakukirudisha.

Mlango wa pili ni simu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mjomba aliyezoea kutuma kadi akagundua anaweza kutuma pesa na ujumbe wa maneno matano. Mtoto naye, tuseme ukweli, hakulalamika. Baadaye ikaja picha ya waridi linalometameta kwenye WhatsApp, iliyotumwa na mtu ambaye naye alitumiwa.

Mlango wa tatu ni wizi wa mtihani. Mwaka 2016, baada ya kashfa za mitihani kuvuja, Wizara ya Elimu chini ya Waziri Fred Matiang'i ilipiga marufuku ziara za wazazi na siku za maombi katika muhula wa tatu. Sababu ilikuwepo. Lakini siku hizo ndizo zilizokuwa siku za kadi. Lango la shule lilipofungwa, kamba za vibandani nazo zikaanza kupungua.

Halafu Novemba 2023, KCPE ikaisha. Imebaki KCSE, na yenyewe inahesabu miezi.

Kalibu mpya

Ukienda mtandaoni leo utakuta dunia nzima imerudi kwenye kukata karatasi. Mwaka 1977 huko California ilianzishwa kampuni ya Ellison, iliyouzia shule mashine ya mkono ya kukatia herufi za kubandika ukutani. Mwaka 2001 ikaleta Sizzix kwa watu wa nyumbani, na baadaye chini ya jina hilo ikaja mashine ya rola mbili na mkono wa kuzungusha. Ukitaka kuielewa, kumbuka mashine ya kukamulia miwa pale mjini Nakuru, ila badala ya muwa unapitisha karatasi na kalibu zilizobanwa kati ya mabamba mawili. Kalibu za sasa ni nyembamba kama wembe, zimechorwa kwa kemikali badala ya kukunjwa kwa koleo, na zinaweza kukata lesi ambayo Addenbrooke angeilia.

Ni nzuri. Pia, ukijumlisha mashine, usafirishaji na ushuru, ni za mtu mwenye mshahara. Na maumbo yake ni ya kwao: kulungu wa theluji, majani ya msimu wa vuli, kikombe cha kakao.

Lakini ukiiweka katoni ya Senge kando ya video za mafundi wa ng'ambo, unaona mbinu ni zilezile, na nyingi hazitaki mashine. Tundu ni kadi pia: bandika karatasi ya rangi nyuma yake kama wasichana wa Worcester, au kipande cha chupa ya maji ya plastiki ili liwe dirisha. Kata umbo lilelile mara tatu au nne, bandika moja juu ya jingine, na ua linainuka bila kununua sponji. Usikate mpaka mwisho. Acha upande mmoja ushike, ukunje, na somo la Gair linakupa mlango wa kumfichia mtu neno. Tumia lile tundu kama kigezo, upake rangi juu yake kwa mswaki mkuukuu, kisha ulisogeze upake tena. Bonyeza bila kukata, juu ya mpira laini, upate alama isiyo na wino ambayo mtu ataisoma kwa kidole.

Karatasi nayo iko. Mfuko wa unga wa kilo mbili ukigeuzwa ndani ni kahawia safi. Kisumu wametengeneza karatasi na kadi kwa magugumaji ya ziwa, na Mwaluganje, Kwale, jamii inayolinda tembo imeuza karatasi iliyotokana na kinyesi cha tembo. Fundi wa bati yuko kila mtaa, na ukimchorea matatu, au jengo la kwenu, au jani la managu, atakukunjia. Kalibu ya kulungu inauzwa popote. Ya matatu lazima uiagize wewe, na ukishaiagiza ni yako.

Mtaala mpya umerudisha Sanaa Bunifu darasani, na kwenye shule za upili za juu kuna mkondo mzima wa sanaa na michezo. Kwa hiyo sisemi mikono imekufa. Ninachosema ni kwamba mtihani ulitupa sababu ya kila mwaka ya kumwandikia mtoto jina lake, na sababu hiyo inaondoka. Darasa la mwisho la KCSE litakuwa na watahiniwa kutoka kila kona, wengine wa bweni ambao hakuna ndugu aliye na nambari ya simu ya shule. Unamjua mmoja. Binamu, mtoto wa kinyozi, mdogo wake rafiki yako. Septemba 2027 si mbali, na kukata ua moja la bati kunachukua muda mfupi kuliko kushuka ukurasa wa simu yako.

Andika jina lake kamili, herufi zote, kama mwalimu wa zamu atakavyolisoma.